J.L.B. Smith na moyo wa gombesa: Maisha ya mtu aliyemsaka samaki wa kale kwa miaka 14

Tarehe 29 Desemba mwaka 1952, ndege ya kijeshi aina ya Dakota kutoka Afrika Kusini ilitua Pamanzi, kisiwa kidogo cha Mayotte katika visiwa vya Komoro, ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Abiria wake mkuu alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka 55, msomi wa samaki, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa amelala usingizi wa kutosha. Alipelekwa hadi kwenye meli ndogo ya matanga iliyotia nanga karibu na hapo, akaoneshwa sanduku, na sanduku likafunguliwa. Profesa James Leonard Brierley Smith alipiga magoti na kulia machozi.

Ndani ya sanduku alikuwamo samaki mkubwa mwenye magamba magumu na mapezi manene yanayofanana na miguu mifupi. Wanasayansi humwita silakanti. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimwita gombesa tangu zamani. Smith alikuwa amemsubiri samaki huyo kwa miaka 14. Wa kwanza alikwisha kumpata mwaka 1939, lakini alimpata akiwa ngozi, fuvu na mifupa tu. Moyo, matamvua na matumbo yake yalikuwa yametupwa jalalani.

Vita, malaria na ndoana

Smith alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, bara ya Afrika Kusini, mbali na bahari. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, kijana huyo alijiunga na jeshi na kuletwa Afrika Mashariki, ambako majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalikuwa yakiyafukuza majeshi ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika koloni la Wajerumani, sehemu kubwa ya Tanzania ya leo. Kama ilivyokuwa kwa maelfu ya askari na wapagazi wa vita hivyo, adui aliyemwangusha hakuwa na bunduki. Malaria na kuhara damu vilimdhoofisha hata akarudishwa kwao, na afya yake haikupata tena kuwa timamu.

Baada ya vita alisomea kemia, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, kisha akarudi kufundisha somo hilo katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Kemia ilikuwa kazi yake. Samaki walikuwa mapenzi yake. Alivua ili apate hewa safi na nguvu za mwili, na kila alipopata samaki asiyemfahamu aliketi na vitabu hadi amtambue. Taratibu, majumba madogo ya makumbusho ya pwani yakaanza kumtumia samaki wao ili awape majina. Mwaka 1938 alimwoa Margaret Mary Macdonald, ambaye baadaye alijifunza kuchora samaki, akawa msaidizi wake katika kila safari na mtaalamu kwa haki yake mwenyewe.

Moyo uliotupwa

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilirudi katika bandari ya East London na shehena iliyovuliwa karibu na mdomo wa mto Chalumna, kwenye kina cha mita 70 hivi. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la mji huo, mwenye umri wa miaka 31, alikwenda bandarini kutazama kama kulikuwa na kitu cha kuhifadhi. Chini ya lundo la papa na samaki wengine aliona pezi la rangi ya buluu. Samaki aliyefukuliwa hapo alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzito wa zaidi ya kilo 57.

Courtenay-Latimer hakumtambua, ila alijua kwamba hakuwa samaki wa kawaida. Alimpakia kwenye teksi. Ulikuwa msimu wa joto kali, na hakukuwa na mahali pa kumhifadhia: chumba cha maiti kilimkataa, na ghala la barafu vilevile. Alimfungia vitambaa na magazeti yaliyoloweshwa formalini, akamwandikia Smith barua yenye mchoro. Lakini Smith alikuwa likizoni Knysna, mamia ya kilomita kutoka hapo, na siku zile zilikuwa za Krismasi. Barua ilimfikia Januari 3. Siku hiyo hiyo alipeleka simu ya maandishi akisisitiza kwamba mifupa na matamvua vihifadhiwe.

Alikuwa amechelewa. Viungo vya ndani vilikuwa vimeoza, na fundi wa kujaza ngozi za wanyama alikuwa amekwisha kuvitoa na kuvitupa. Picha zilizopigwa nazo ziliharibika.

Smith alipofika East London Februari 16, 1939, hakubakiwa na shaka yoyote. Aliyekuwa mezani ni samaki wa jamii iliyojulikana kwa visukuku tu, jamii iliyotokea duniani miaka ipatayo milioni 400 iliyopita na iliyodhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria. Alimpa jina Latimeria chalumnae, kumheshimu mwanamke aliyemwokoa na mto uliokuwa karibu naye, na habari ikaenea duniani kote.

Hata hivyo, swali kubwa lilibaki bila jibu. Visukuku huhifadhi mifupa, havihifadhi moyo. Wataalamu wengi waliamini kwamba silakanti alikuwa ndugu wa karibu wa samaki waliotoka majini na kuwa mababu wa vyura, mijusi, ndege na binadamu. Ikiwa ndivyo, je, moyo wake ulikuwa umeanza kugawanyika pande mbili, kama moyo wa mnyama anayevuta hewa kwa mapafu? Au ulikuwa ungali moyo wa samaki, unaosukuma damu kwa njia moja tu? Jibu lilikuwa limetupwa pamoja na takataka za mjini.

Mabishano juu ya kina

Swali la pili lilizuka mara moja nalo lilihusu shinikizo la maji. Baadhi ya wasomi wa Ulaya walisema samaki huyo lazima awe alijificha katika vilindi vya bahari, mahali pasipofikiwa na mtu, na ndiyo maana hakuonekana. Smith alipinga kwa nguvu. Samaki wa vilindini, kwa maoni yake, huwa na mwili laini na mifupa dhaifu. Huyu alikuwa na magamba kama ngao, taya za mwindaji na umbo la mkaa miambani. Smith alishikilia kwamba makao yake ni kwenye miamba, na kwamba anayetaka kumpata na atafute miambani.

Hoja hiyo ndiyo iliyoongoza maisha yake yaliyosalia. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliacha kabisa kufundisha kemia ili ashughulike na samaki peke yake. Yeye na Margaret walipita pwani ya Msumbiji, Kenya, Zanzibar na Pemba wakikusanya, wakichora na kuandika. Kitabu chao kikubwa kuhusu samaki wa kusini mwa Afrika kilitoka mwaka 1949.

Kuna upande wa kazi hiyo ambao leo ungempeleka mahakamani. Smith alikusanya samaki kwa sumu, na mara nyingi kwa baruti. Alijua vizuri kwa nini baruti inaua: mshindo hupeleka wimbi la shinikizo majini, na wimbi hilo linapofika kwenye kibofu cha hewa cha samaki hukipasua pamoja na mishipa ya damu iliyo karibu. Miamba ya pwani ya Afrika Mashariki imepata hasara kubwa kwa njia hiyo ya uvuvi, na kwa hilo sifa za Smith haziwezi kusimuliwa bila kasoro hii.

Usiku wa Domoni

Katika safari zao, Smith na mkewe walisambaza vipeperushi vyenye picha ya silakanti kwa lugha za Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vikiahidi pauni 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza watakaopatikana. Mwaka 1952, wakiwa Zanzibar, Margaret alikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kwa meli yake baina ya pwani na Komoro. Hunt alichukua vipeperushi akaenda kuvigawa visiwani.

Usiku wa Desemba 20, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Anjouan, alimvua gombesa kwa mshipi. Kwake hakikuwa kitu cha ajabu. Wenyeji walimjua samaki huyo. Nyama yake haikupendwa sana, na inasimuliwa kwamba magamba yake makavu yalitumika kukwaruza mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Kesho yake mwalimu wa shule aliyekuwa ameona kipeperushi alimtambua samaki huyo kabla hajakatwakatwa. Walimbeba kwa miguu kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, kwa Hunt.

Hunt hakuwa na dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo alimpasua na kumtia chumvi, kisha akampeleka Mayotte ambako alipata formalini. Simu yake ya maandishi ilimkuta Smith Desemba 24, melini, katika bandari ya Durban. Hofu ya Smith ilikuwa ile ile ya mwaka 1939: Krismasi, joto, na viungo laini vinavyooza kila saa inayopita. Aliposhindwa kupata usafiri kwa njia za kawaida, usiku wa Desemba 26 alimpigia simu Waziri Mkuu D.F. Malan mwenyewe. Malan, kiongozi wa serikali iliyokuwa ikiujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi, alitoa ndege ya jeshi.

Safari hii viungo vya ndani havikutupwa. Ahamadi Abdallah akapata zawadi yake, na Smith akarudi na samaki. Kwa shukrani alimpa jina la Malan, akidhani ni aina mpya kwa sababu pezi moja la mgongoni halikuwapo. Baadaye ilibainika kwamba pezi hilo lilikosekana kwa sababu ya jeraha, na kwamba samaki alikuwa wa aina ile ile ya mwaka 1939. Jina la mwanasiasa likafutika. La msimamizi wa makumbusho likabaki.

Moyo wafunuliwa Paris

Ushindi wa Smith ulimfungia mlango. Serikali ya Ufaransa ilikasirika kuona samaki huyo akichukuliwa kutoka katika ardhi yake na ndege ya kijeshi ya nchi nyingine. Tangu hapo wageni walizuiwa kuwatafuta silakanti Komoro. Gombesa wa tatu alipopatikana Anjouan Septemba 1953, alipelekwa kwa Profesa Jacques Millot, na wengine wakafuata. Millot na mwenzake Jean Anthony waliwachunguza samaki hao mjini Paris na kuchapisha matokeo katika juzuu tatu kubwa, ya kwanza mwaka 1958 na ya mwisho mwaka 1978, miaka kumi baada ya kifo cha Smith.

Wafaransa, basi, ndio walioueleza kwa kina moyo aliokuwa akiusubiri Smith. Nao ulikuwa moyo wa kawaida kuliko ulivyotarajiwa. Vyumba vyake vimepangwa karibu katika mstari mmoja: mfuko unaopokea damu kutoka mwilini, chumba cha pili, chumba chenye misuli kinachosukuma, na mwishoni bomba lenye safu za vali. Hakuna ukuta unaougawa pande mbili. Hakuna mshipa unaoleta damu kutoka mapafuni. Kambare-mamba wa maziwa na mito ya Afrika, anayevuta hewa na kujichimbia matopeni wakati wa kiangazi, ana moyo uliosogea mbele zaidi kuelekea ule wa wanyama wa nchi kavu.

Moyo wa namna hiyo unajibu vipi shinikizo linapobadilika? Jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni shinikizo la damu yenyewe. Damu inaporudi kwa wingi, kuta za moyo hutanuka, na kadiri zinavyotanuka ndivyo zinavyojikaza kwa nguvu zaidi katika pigo linalofuata. Kanuni hiyo, iliyowekwa wazi na Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza kwa kuchunguza mioyo ya vyura na mbwa, inafanya kazi kwa samaki pia. Wapo samaki wa kale zaidi kuliko silakanti, wasio na taya, wembamba kama mkunga na wenye ute mwingi, ambao moyo wao hauna neva za kuuongoza. Kwa hao, wingi wa damu inayoingia ni mojawapo ya amri kuu ambazo moyo unazitii. Na kwa kuwa damu ya samaki hupita kwanza kwenye matamvua, yenye mishipa myembamba mno, lile bomba la mwisho lenye vali hupunguza ukali wa kila pigo ili mishipa hiyo isiumie.

Sehemu ya pili ni shinikizo la bahari. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na wa angahewa nzima. Katika kina cha mita 200, mwili hubanwa mara 21 zaidi ya ufukweni. Lakini nyama na damu, kama maji, hazifinyiki kwa urahisi, na mbano wa nje hulingana na wa ndani. Moyo huendelea kupiga kama kawaida yake. Kinachopasuka samaki akipandishwa haraka ni hewa, na gombesa hana hewa ya kupasuka: mahali ambapo samaki wengine wana kibofu cha hewa, yeye ana mfuko uliojaa mafuta.

Hata hivyo, gombesa waliopandishwa wakiwa hai walikufa baada ya saa chache. Mmoja aliyewekwa mwaka 1954 ndani ya mashua iliyozamishwa huko Mutsamudu aliwapa Wafaransa nafasi ya kumtazama, kisha akafa siku iliyofuata. Kupungua kwa shinikizo kulishukiwa, na joto pia. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kidole zaidi kwenye joto na uhaba wa oksijeni. Matamvua ya gombesa ni madogo, na damu yake hubeba oksijeni vizuri katika maji ya baridi. Katika maji moto ya juu huishiwa. Kwa samaki wengi, moyo hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake kutoka kwenye damu iliyokwisha kuzunguka mwili mzima, na hivyo kuwa wa mwisho kuhudumiwa. Dhiki inapoingia, moyo ndio hukosa.

Alichokisia na alichokosea

Mwaka 1987, mtafiti Mjerumani Hans Fricke alizama kwa chombo cha chini ya bahari huko Komoro na kuwapiga picha gombesa wakiwa katika makao yao kwa mara ya kwanza. Walikuwa kwenye miteremko ya mawe ya volkano, wakipumzika mapangoni mchana, katika kina cha mita 150 hadi 250 hivi. Smith alikuwa amekisia sawasawa kuhusu miamba: samaki huyo si mkaa vilindi vya giza kuu. Alikosea kuhusu kina, kwa kuwa miamba hiyo iko chini kuliko alivyofikiri. Alikosea pia kudhani kwamba gombesa hutembea kwa mapezi yake sakafuni mwa bahari. Huyachezesha kwa zamu, la kulia na la kushoto, lakini huku akielea.

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu msako wa silakanti kilisomwa katika lugha nyingi, na katika mwaka huo huo Eric Hunt alipotea baharini meli yake ilipokwama kwenye miamba kati ya Komoro na Madagascar. Smith aliendelea kuandika kuhusu samaki wa Bahari ya Hindi hadi mwili, uliokuwa dhaifu tangu vita vya Afrika Mashariki, ulipoanza kumsaliti. Januari 1968, akiwa na miaka 70, alijitoa uhai. Margaret aliibeba kazi yao, akaanzisha na kuongoza taasisi ya utafiti wa samaki huko Grahamstown iliyopewa jina la mumewe, ambayo leo ni taasisi ya taifa ya viumbe wa majini.

Katika miaka iliyofuata, gombesa alionekana pia katika pwani alizozipita Smith: Msumbiji mwaka 1991, Kenya karibu na Malindi mwaka 2001, na Tanzania huko Songo Mnara mwaka 2003. Baada ya hapo makumi walinaswa Tanga katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye maji ya kina kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilianzisha huko hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa samaki aliyevumilia mamia ya mamilioni ya miaka, shinikizo la maji halijawa tishio. Tishio ni kupandishwa juu, kwenye maji ya moto, ambako moyo wake wa kale hauna cha kuusaidia. Mvuvi wa Tanga anayemkuta wavuni leo mara nyingi humkuta amekwisha kufa, au yuko katika saa zake za mwisho.